Mwenzi Asiyezoea Lafudhi Yetu: Uhakiki wa Dhana ya Ushirika wa Mtu na Kompyuta katika Insha ya J. C. R. Licklider

Ikisiri

Makala haya yanahakiki insha ya J. C. R. Licklider iliyochapishwa mwaka 1960 kwa jina la "Man-Computer Symbiosis". Insha hiyo ni miongoni mwa maandiko ya mwanzo kabisa kuichukulia kompyuta kuwa mwenzi wa binadamu katika kufikiri, na mawazo yake yangali yanaongoza mijadala ya sera za teknolojia ya lugha. Makala yanadai kwamba ushirika ambao Licklider aliuwaza ulisimama juu ya masharti mawili ya kilugha yaliyotajwa kwa kupita: msamiati wa maneno takriban 2,000 na usemi usio na lafudhi ngeni. Kwa kuyapima masharti hayo kwa sarufi ya Kiswahili na kwa usemi wa Waswahili wa Kongo, Burundi, Rwanda na Uganda, makala yanaonesha kuwa ushirika huo una mlango, na kwamba mlango huo haukukatwa kwa kimo cha kila mtu. Mwishoni yanatolewa mapendekezo manne kwa wanaoandaa sera na mikataba ya teknolojia ya lugha katika ukanda wetu.

1.0 Utangulizi

Nyaraka za sera zinazozungumzia akili mnemba, au akili unde kama wengine wanavyoiita, zimezoea kuieleza kompyuta kuwa mshirika. Mwalimu ataandaa somo pamoja nayo, mganga atapima dalili pamoja nayo, mfasiri atafasiri pamoja nayo. Kwamba sisi wenyewe bado tuna majina mawili ya kitu hicho kimoja ni ishara ndogo ya jambo ambalo makala haya yatalirudia: teknolojia imeingia katika Kiswahili kabla Kiswahili hakijakubaliana namna ya kuipokea.

Dhana ya ushirika huu ina historia. Haikuzaliwa na modeli kubwa za lugha za miaka ya karibuni. Licklider, mwanasaikolojia wa Marekani aliyebobea katika utafiti wa usikivu na usemi, aliieleza mwaka 1960 katika jarida la wahandisi lililoshughulikia uhusiano wa binadamu na vyombo vya elektroniki. Mwaka 1962 alikabidhiwa ofisi ya utafiti wa kompyuta katika wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na fedha zilizopita katika ofisi hiyo zikagharimia kompyuta zinazotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja pamoja na kazi nyingine zilizofungua njia ya intaneti. Kwa hiyo tunaihakiki insha ambayo mwandishi wake alipata nafasi, mamlaka na bajeti ya kuitekeleza. Maandiko ya namna hiyo yanastahili kusomwa kwa makini zaidi kuliko ndoto za kawaida, kwa sababu yaliyoachwa nje ya ukurasa yaliachwa pia nje ya bajeti.

Swali la makala haya ni moja: huyo "mtu" wa Licklider ni nani, na anazungumza vipi? Jibu linawahusu hasa wasemaji wa Kiswahili walio nje ya pwani na nje ya shule za Kiswahili sanifu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga mwaka 2022. Hivyo mamilioni ya wasemaji ambao Kiswahili chao hakikupata kushughulikiwa na wasanifishaji wa mwanzo sasa ni raia wa Jumuiya inayokusudia kuwahudumia kwa Kiswahili.

2.0 Insha na Hoja Yake

Licklider anaanza na mtini na nyigu wake. Mti hauwezi kuzaa mbegu bila mdudu kuuchavusha, na mdudu hana pa kulelea watoto wake isipokuwa ndani ya tunda. Viumbe wawili wasiofanana wanaishi kwa kutegemeana, na hakuna anayeendelea bila mwenziwe. Anatumaini kwamba ubongo wa binadamu na kompyuta vitaunganishwa kwa ukaribu wa namna hiyo.

Kutoka katika mfano huo anaingia katika uchunguzi mdogo alioufanya mwaka 1957. Alijichunguza mwenyewe akiwa kazini na kuweka kumbukumbu ya namna alivyotumia saa zake. Aligundua kuwa takriban asilimia 85 ya muda aliouhesabu kuwa wa kufikiri ulitumika katika maandalizi ya kufikiri: kutafuta taarifa, kukokotoa, kuchora grafu, kugeuza vipimo vya watafiti tofauti ili vilinganike. Grafu zikishachorwa, jibu lilijitokeza lenyewe. Mfano anaoutoa ni wa kuvutia kwa wanaisimu, kwani alikuwa akilinganisha tafiti kuhusu kueleweka kwa usemi penye kelele, na kila mtafiti alikuwa na kipimo chake cha kelele.

Hitimisho lake ni mgawanyo wa kazi. Binadamu ataweka malengo, atabuni nadharia tete, ataamua vigezo na kutathmini matokeo. Kompyuta itafanya kazi za kujirudiarudia zinazoandaa njia ya maamuzi. Kisha anaorodhesha vikwazo vya wakati wake: kasi na gharama, ukubwa na mpangilio wa kumbukumbu, lugha za kuamuru mashine, na vifaa vya kuingizia na kutolea taarifa. Ni katika kikwazo hiki cha mwisho ndipo anapogusa usemi.

Insha ina sifa ambazo haifai kuzipuuza. Haikuahidi kwamba mashine ingemwondoa binadamu upesi, wala haikumdharau binadamu kwa sababu anakokotoa polepole. Ilimwachia binadamu uamuzi wa mwisho, jambo ambalo wauzaji wengi wa leo wanalisema kwa haraka na kulisahau kwa haraka zaidi. Aidha, Licklider hakuficha kwamba uchunguzi wake ulikuwa wa mtu mmoja, naye ndiye mtu huyo.

Lakini hapo hapo ndipo uhakiki unapoanzia. Mtu mmoja aliyechunguzwa ni mtafiti aliyesoma sana, anayezungumza lugha yenye maandishi mengi, mwenye ofisi na vitabu. Insha inapopanuka na kuwataja watumiaji wengine, inawataja makamanda wa jeshi na wakuu wa makampuni. Kwa Licklider, hoja kuu ya kutaka kompyuta isikie usemi ni kwamba wakubwa hao hawawezi kuondolewa kazini ili wafundishwe kupiga chapa. Sauti inakuja katika insha kama wepesi kwa mtu mwenye cheo. Katika mazingira yetu, sauti ni haja ya muuza samaki wa Uvira anayezungumza Kiswahili siku nzima bila kukiandika hata mstari. Chombo ni kile kile, sababu ya kukitaka ni tofauti, na anayekibuni kwa sababu ya kwanza hatajua kwamba amemkosa mtu wa pili.

3.0 Sharti la Kwanza: Maneno 2,000

Licklider anakadiria kuwa ili mtu na kompyuta waongee kwa ukaribu wa kweli, mashine ingehitaji kutambua maneno takriban 2,000: nusu yake ya Kiingereza cha msingi na nusu nyingine ya istilahi za fani. Kadirio hilo linaonekana la kiufundi tu. Kwa hakika ni nadharia ya lugha iliyovaa nguo ya hesabu. Linachukulia kwamba neno ni kitu kinachohesabika, chenye umbo moja au maumbo machache, kinachoweza kuwekwa katika orodha.

Tujaribu kipimo hicho kwa mzizi mmoja wa Kiswahili, -som-. Tuchukue viambishi vya nafsi sita, yaani ni-, u-, a-, tu-, m- na wa-. Tuchukue alama nne za njeo na hali: -na-, -li-, -ta- na -me-. Tuweke yambwa saba za ngeli zisizo za watu, -ki-, -vi-, -u-, -i-, -li-, -ya- na -zi-, pamoja na uwezekano wa kutokuwa na yambwa. Tunapata maumbo 6 mara 4 mara 8, yaani 192. Hapo hatujagusa ukanushi, urejeshi, masharti, amri, wala mnyambuliko. Neno kama "hatutawasomea" halimo katika hesabu hiyo, ilhali mtoto wa miaka mitano hulitamka na kulielewa bila taabu. Orodha ya maneno 2,000 ingejaa kabla haijamaliza vitenzi kumi na viwili.

Wapo waliolitambua tatizo hili mapema. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen na wenzake walijenga mfumo wa SALAMA kwa kuiandikia kompyuta kanuni za mofolojia ya Kiswahili, badala ya kuipa orodha. Huo ulikuwa ushirika kwa maana halisi ya insha: mwanaisimu aliweka kanuni na kupima matokeo, mashine ikachambua mamilioni ya maneno. Kazi hiyo ilitegemea maandishi ya Kiswahili sanifu, na hilo tutalirudia.

Modeli za leo zimefuata njia nyingine. Hazina orodha ya maneno wala kanuni za mofolojia. Zinakata matini katika vipande kwa kufuata mfuatano wa herufi unaojirudia mara nyingi zaidi katika matini zilizozilea. Kwa kuwa sehemu kubwa ya matini hizo ni Kiingereza, neno la kawaida la Kiingereza mara nyingi hubaki zima, lakini neno la Kiswahili hukatwa vipande vingi, na mara nyingi mpaka wa kipande haufuati mpaka wa mofimu. Matokeo yake yana bei. Huduma nyingi za aina hii hutozwa kwa idadi ya vipande, hivyo ujumbe wenye maana moja unaweza kumgharimu Mswahili zaidi ya unavyomgharimu Mwingereza. Sharti la maneno 2,000 limeondoka katika vitabu vya uhandisi, lakini dhana iliyolizaa imebaki ndani ya mashine: neno bado linapimwa kwa kipimo cha lugha nyingine.

4.0 Sharti la Pili: Usemi Usio na Lafudhi Ngeni

Licklider anasema kwamba mwaka 1960 kifaa cha kutambua maneno 2,000 hakikuwezekana, lakini yapo mashirika ambayo yangekubali kukitengeneza kwa miaka mitano. Yangetoa masharti: usemi uwe wazi, uwe wa mtu anayeamlisha imla, na usiwe na lafudhi isiyo ya kawaida. Sentensi inayofuata inaendelea na mambo mengine. Insha haiulizi lafudhi ya kawaida ni ya nani.

Sisi tunaokisoma Kiswahili kutoka upande huu wa Ziwa Tanganyika hatuwezi kulipita swali hilo. Msemaji ambaye lugha yake ya kwanza ni Kirundi au Kinyarwanda hukutana na upinzani wa /l/ na /r/ katika Kiswahili kama jambo la kujifunza, kwa kuwa lugha yake haiutumii kutofautisha maana kama Kiswahili kinavyofanya. Hali inakaribiana na hiyo kwa msemaji wa Kiganda, ambaye sauti hizo mbili kwake hupishana kwa kutegemea irabu iliyotangulia. Sasa tuchukue jozi za "kula" na "kura", au "mahali" na "mahari". Katika soko la Buyenzi mjini Bujumbura, msikilizaji binadamu hupata maana mara moja kwa sababu anajua kinachozungumzwa. Mashine iliyofunzwa kwa sauti za watangazaji wa redio hupokea sauti na kuchagua neno lililozoeleka katika hazina yake. Mtu aliyesema anatafuta mahali pa kukaa anaweza kuandikiwa kwamba anatafuta mahari.

Tofauti za kisarufi ni nzito zaidi kuliko za matamshi. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, Bukavu au Goma, watu huitwa "batu" na watoto "batoto", na kiambishi ba- huendelea hadi katika kitenzi. Udogo huoneshwa kwa ka- na tu-: katoto, tutoto. Mfumo uliolelewa na Kiswahili sanifu unaijua ka- kama alama ya masimulizi ndani ya kitenzi, na hauna nafasi ya ba- katika ngeli ya kwanza na ya pili. Msemaji huyu hakukosea. Anafuata kanuni thabiti alizozipata kwa wazazi wake. Ila mbele ya mashine, kila upatanisho wake unahesabiwa kuwa kelele.

Upofu huu una mizizi mirefu kuliko kompyuta. Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoanza kazi mwaka 1930 ilihusisha maeneo manne yaliyokuwa chini ya Waingereza: Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi hazikuwamo. Usanifishaji wenyewe uliegemea Kiunguja. Hatuna nia ya kuulaumu usanifishaji uliotupa vitabu, kamusi na mitihani ya pamoja. Tunalosema ni kwamba mpaka wa utawala wa mwaka 1930 umegeuka kuwa mpaka wa data za karne hii. Palipokuwa na usanifishaji palipatikana maandishi, na palipopatikana maandishi ndipo mashine ilipojifunzia.

Historia ya mji wa Elisabethville iliyoandaliwa na André Yav mwaka 1965, kwa niaba ya watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani, inatufundisha jambo hapa. Iliandikwa kwa Kiswahili cha mji huo, ambao sasa ni Lubumbashi, kwa tahajia isiyofuata kaida ya sanifu na kwa mgawanyo wa maneno usiotabirika. Johannes Fabian alipoitayarisha kwa ajili ya kuchapishwa mwaka 1990, alimhitaji Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili hicho, aisome kwa sauti, na kwa sauti hiyo maandishi yakafunguka. Ushirika uliolifanya andiko lile lisomeke ulikuwa wa mtu na mtu: mmoja akiwa na kalamu, mwingine akiwa na sikio lililolelewa mahali pale. Kwa kipimo cha Licklider, Mango ndiye mwenye lafudhi ngeni. Kwa kipimo cha andiko lenyewe, yeye ndiye aliyekuwa ufunguo.

5.0 Asilimia 85 Imehamia Wapi?

Ahadi kuu ya insha ilikuwa kumpokonya binadamu kazi za kujirudiarudia na kumwachia hukumu. Je, ndivyo ilivyokuwa?

Kwa mtafiti wa aina ya Licklider, jibu ni ndiyo kwa kiasi kikubwa. Grafu iliyomchukua saa kadhaa inachorwa kwa sekunde. Lakini kazi ya kuandaa haikutoweka. Imehamia kwa watu wengine. Ili modeli ijibu kwa adabu, lazima wawepo watu wanaosoma maelfu ya matini na kuyatia alama: hili ni tusi, hili ni tishio, hili ni sawa. Januari 2023 vyombo vya habari vya kimataifa viliripoti kwamba wafanyakazi jijini Nairobi waliofanya kazi ya namna hiyo kwa ajili ya modeli ya kampuni ya Marekani walilipwa chini ya dola 2 kwa saa, na kwamba matini waliyosomeshwa yalikuwa ya kutisha. Hawa ni binadamu walio ndani ya ushirika, lakini si wale wanaoweka malengo wala kutathmini. Wamepewa ile asilimia 85.

Hapa mfano wa mtini unamgeukia aliyeuleta. Kila jamii ya miti hii kwa kawaida ina nyigu wake. Mkuyu wetu wa Afrika Mashariki hauchavushwi na nyigu wa mtini wa Mediterania, una wake. Na mkuyu ulipopelekwa Misri zama za kale, nyigu wake hakustawi huko pamoja nao. Mti ulikua na ukatoa matunda, lakini ili yaive vizuri watu walilazimika kuyachanja moja moja kwa kisu, na miti mipya ikapatikana kwa kupanda vipandikizi kwa kuwa mbegu hazikuwapo. Teknolojia iliyohamishwa bila mwenza wake inazaa kwa namna hiyo: matunda yapo, ila nyuma ya kila tunda kuna mkono wa mtu uliochanja, na hakuna mbegu ya kuendeleza kizazi.

Kiswahili kina maneno yanayotusaidia kuliona jambo ambalo istilahi ya kibiolojia inalificha. Viumbe wanaotegemeana kwa maumbile hawaandikiani mkataba. Lakini tukisema "ubia", msikilizaji atauliza papo hapo: mtaji ni wa nani, faida inagawanywaje, na hasara inamwangukia nani? Tukisema "ushirika", atauliza nani mwanachama. Sera zetu zimechukua neno "ushirika" na kuacha maswali yake. Anayetoa sauti yake, lugha yake na saa zake ili mashine ijifunze anaitwa mchangiaji, neno tunalolitumia pia kwa harusi na msiba, mahali ambapo mtu hutoa bila kutarajia hesabu.

6.0 Pingamizi na Mapendekezo

Pingamizi la kwanza litasema kuwa tunamhukumu mtu wa 1960 kwa macho ya leo. Hatumhukumu mtu. Tunahakiki dhana ambayo bado inatumika, na tunaonesha masharti iliyotoka nayo. Mtafiti aliyetumia miaka akipima namna usemi unavyoeleweka penye kelele alikuwa na ujuzi wa kutosha kuuliza swali la lafudhi, na kutouliza kwake kunaonesha jinsi swali hilo lilivyo rahisi kupotea hata kwa mtaalamu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na linatoka miongoni mwetu. Wapo wanaohofu kwamba kukusanya na kuitambua lahaja ya kila mji kutakivunja Kiswahili katika wakati ambapo kinapata hadhi barani na duniani. Hofu hiyo inachanganya kazi mbili. Kusikia si kuandika. Karani mzuri wa mahakama humsikiliza shahidi kwa Kiswahili cha kwao na kuandika kumbukumbu kwa sanifu. Usanifu haukumlazimu kuwa kiziwi. Mashine nayo inaweza kutakiwa isikie kwa upana na iandike kwa usanifu. Kinachokivunja Kiswahili ni msemaji wa Bukavu kuona kwamba huduma ya Kiswahili haimwelewi, akachagua Kifaransa.

Kutokana na hoja hizo, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, sera za teknolojia ya lugha zitenganishe waziwazi kiwango cha usikivu na kiwango cha uandishi. Mabaraza ya Kiswahili yasimamie cha pili bila kukizuia cha kwanza.

Pili, data za sauti zitokane na mazungumzo huru. Miradi ya hiari kama Common Voice ya Mozilla imefanya kazi ya kupongezwa kwa kukusanya sauti za Kiswahili, lakini utaratibu wa kumpa mtu sentensi sanifu aisome kwa sauti unanasa matamshi yake na kuiacha sarufi yake nje. Kila rekodi iandikwe mara mbili: kama ilivyosemwa, na kwa sanifu. Jozi hizo ndizo zitakazoifundisha mashine kazi ya karani tuliyemtaja.

Tatu, mikataba ya umma idai matokeo ya upimaji kwa kila eneo badala ya wastani mmoja. Tuchukue hesabu ya kufikirika: wasemaji 90 kati ya 100 wanakosewa maneno 5 katika kila 100, na wasemaji 10 waliobaki wanakosewa maneno 40. Wastani ni 8.5, nambari inayopendeza katika ripoti. Lakini kwa wale 10, huduma hiyo haifai. Ikiwa ni huduma ya afya au ya mahakama, wastani huo unaficha dhuluma.

Nne, wanaotoa sauti na wanaotia alama waingie katika hati za mradi kama wabia, wakiwa na malipo yanayojulikana, haki ya kujua matumizi ya walichokitoa, na uwakilishi katika vikao vinavyoamua malengo. Licklider aliuweka uwezo wa kuamua malengo na vigezo mikononi mwa binadamu. Pendekezo letu ni kwamba kauli hiyo isomwe kwa binadamu wote waliomo katika kazi hiyo, akiwamo yule wa zamu ya usiku.

7.0 Hitimisho

Insha ya Licklider imedumu kwa sababu ilisema jambo la kweli: mashine na mtu wakigawana kazi vizuri, mtu hufikiri zaidi. Imepungukiwa pale ilipomchukua mtu mmoja, kwa lugha moja na lafudhi moja, ikamwita binadamu. Upungufu huo hausahihishwi kwa kuongeza ukubwa wa modeli peke yake, kwani modeli kubwa iliyolelewa na matini zile zile itamkosea mtu yule yule kwa ufasaha zaidi.

Kazi ya watafiti wa Kiswahili katika nchi jirani si kusubiri mashine ije itusikie. Tunajua upatanisho wa ba- unavyofanya kazi, tunajua penye /l/ na /r/ pana mgogoro gani, na tunajua nani wa kumwomba asome kwa sauti. Maarifa hayo ndiyo mtaji wetu katika ubia huu. Yaingie katika vigezo vya zabuni kabla ya mkataba kutiwa saini, kwa sababu baada ya hapo kitakachobaki kwetu ni kumfundisha msemaji wa Lubumbashi kuzungumza kama mashine inavyotaka.